Glasi ya Parrain

Hakuna aliyemsukuma Chancelvie kuingia Klabu ya Kesho. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, viatu amevipiga rangi, na siku ile ungemwambia arudi nyumbani angekuona mchawi. Wanaosema leo kwamba alirogwa wanajifariji tu. Msichana alikuwa na akili zake timamu, na ndiyo maana habari yake inatisha.

Alikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya uchumi, na alikwisha kuona yaliyowapata waliomtangulia. Simone, waliyekuwa wakiimba naye kwaya, alimaliza na alama nzuri kuliko darasa zima. Sasa anauza muda wa simu chini ya mwavuli, njia ya kwenda sokoni. Kijana aliyekuwa akinakili majibu ya Simone anaendesha gari la ofisi, kwa sababu mjomba wake alipiga simu moja tu. Tuseme ukweli: Lubumbashi, diploma isiyo na mtu wa kukupigia simu ni karatasi ya kufungia karanga. Chancelvie hakutaka kufunga karanga.

Klabu ilikutana Jumamosi mchana katika ukumbi nyuma ya fakulte. Huko walifundishwa kushika mkono wa mtu bila kuulegeza, kujieleza kabla msikilizaji hajapiga miayo, kuandika CV, kukaa mbele ya mwajiri magoti yakiwa yametulia. Walifundishwa kwamba ukiulizwa swali ujibu kwa ufupi, wazi, na kwa mfano. Mambo yenyewe hayakuwa mabaya. Wengi waliopita pale wamefaidika, na si haki kuwasema.

Lililopaswa kumshtua ni swali la kwanza. Rais wa klabu, Emery, kijana wa mwaka wa mwisho aliyevaa koti hata katika joto la Oktoba, hakuwauliza wanachama wapya wanataka kuwa nani. Aliwasimamisha mmoja mmoja na kuuliza: "Batu gani banakusikilizaka? Na bale babo, banasikilizaka nani?" Yaani wanaokusikiliza ni akina nani, na wao wanamsikiliza nani.

Mmoja alikuwa na mjomba forodhani. Mwingine alikuwa na shangazi benki, na mwingine alitaja jina la mkubwa fulani kwa sauti ya chini, watu wakaguna kwa heshima. Zamu ya Chancelvie ilipofika, aliona aibu imempanda hadi masikioni. Hakuwa na mjomba wa ofisini. Mama yake alikuwa amefariki, nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba yake. Akasema kile alichokuwa nacho.

"Papa yangu anauzishaka misumari na simenti kule Naviundu. Lakini avenue yetu muzima inamusikilizaka. Kama akisema tubaki, tunabaki."

Emery, aliyekuwa akitazama simu yake, aliinua kichwa. Kuanzia Jumamosi iliyofuata Chancelvie alikuwa akikaa safu ya mbele, na alidhani ni kwa sababu ya bidii yake.

Sasa, huyo Casimir, baba yake, na mtaa wake. Ng'ambo ya mto Naviundu kampuni moja ilikuwa imenunua bonde ili kujenga depo ya madini. Ikazungusha ukuta wa mabati. Baadaye ikaona bonde halitoshi, ikautaka na mtaa wenyewe, nyumba za matofali ya kuchoma ambazo watu walizijenga kwa mikono yao, chumba kimoja kila walipopata nafasi. Badala yake watu wangepewa viwanja mbali huko porini, kusiko na maji wala shule. Mwishoni mwa barabara kampuni iliegesha tingatinga. Halikuvunja kitu. Kila asubuhi dereva alikuja, akaliwasha, likanguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, kisha akalizima na kuondoka. Watoto walikuwa wamekwisha kujifunza kuamka kwa sauti yake.

Kampuni ilipendelea kuongea na nyumba moja moja. Casimir ndiye aliyepita lupango kwa lupango, yaani ua kwa ua, akiwaambia watu waongee kwa kinywa kimoja, wasije wakaliwa kama karanga, moja moja. Wakamkubali, wakamteua awe msemaji wao. Baba wa Casimir alitoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na ingawa Casimir mwenyewe alizaliwa papa hapa, kuna watu hapa Katanga ambao bado wanamhesabu mgeni. Kwa hiyo siku Mama Bwalya, jirani yake, Mbemba wa damu, mwenyeji wa hapa, aliposimama mbele ya wote na kusema "Casimir ndiye atatusemea," mtu yule mzima aliingia dukani akajifanya anatafuta kitu chini ya meza, mpaka macho yakakauka. Chancelvie aliyaona hayo. Alijua kwamba baba yake hakuwa na mali nyingine kubwa kuliko ile imani.

Na Casimir alikuwa na sheria moja, aliyoupa mtaa mzima: usinywe chochote cha watu wa depo. Kwetu anayekuja kuomba, awe anaomba mke, kiwanja au msamaha, huja na kinywaji. Chupa inakaa mezani imefungwa wakati maneno yanaendelea. Ukiifungua ukanywa, umekubali, na hata kama hukutia sahihi popote hakuna atakayekuamini ukisema ulikuwa na kiu tu. Katika mikutano na kampuni, soda, ambazo sisi tunaziita sucré, zilikuwa zikiletwa baridi, zinatoa jasho. Watu wa mtaa walikaa wakazitazama mpaka zikapata moto.

"Ukikunywa, ulisha kuitika," Casimir alikuwa akiwaambia. "Mutu akufe na kiu yake."

Klabuni, kila mwanachama mpya alipewa parrain, mlezi wa mjini wa kumfungulia milango. Chancelvie alipewa bwana Rigobert. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa sauti ya chini, asiyekukatiza unapoongea. Siku ya pili ya kuonana alijitolea kumrudisha hadi karibu na kwao kwa gari, na Chancelvie alipogeuka kuweka mkoba kiti cha nyuma, aliona fulana ya kazi ya rangi ya chungwa. Mgongoni palikuwa na alama. Alama hiyo alikuwa akiiona kila siku kwenye ukuta wa mabati.

 Mlango haukuwa umefungwa na gari lilikuwa bado halijaondoka. Aliuweka mkoba juu ya fulana ile, akafunga mkanda.

"Stage iko," Rigobert akasema, akiendesha taratibu, maana yake nafasi ya kujifunza kazi. "Mu bureau yetu. Na kisha stage, mutu akifanya muzuri, anabakia. Lakini siye tunapendaka kuyua famille mbele. Papa anaendelea muzuri?"

Akamuuliza kama baba anaumwa mahali. Akamuuliza nani angewasemea watu siku Casimir akichoka. Chancelvie akajibu. Alisema kwamba pengine ni Mbusa, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu, ila watu hawamsikilizi Mbusa hivyo, kwa mfano mkutano uliopita waliondoka akiwa bado anaongea. Kila jibu lilikuwa fupi na wazi. Rigobert alitikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika, na msichana akajisikia vizuri, jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko yote.

Usiniulize kwa nini hakumwambia baba yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa amekwisha kuinama, alibakiza tu kunyoosha mkono. Alijiambia kwamba kazi ni kazi. Alijiambia pia kwamba akiwa ndani ya ofisi ile ataweza kuwasaidia watu wa kwao, na hilo ndilo analojiambia kila mtu anayeingia mahali pa namna hiyo.

Kisha ikaja sherehe ya kuwapokea wanachama wapya. Kila mmoja aje na mzazi. Katika sherehe hiyo parrain humpa mzazi glasi, wanagonganisha, wanakunywa pamoja mbele ya wote, na mwanafunzi anahesabiwa kuwa wa nyumbani. Emery alimfuata Chancelvie peke yake kumkumbusha: asije na shangazi, asije na kaka wa kanisani. Baba.

"Banatafuta nini kwa bazazi?" Casimir aliuliza.

"Ni cérémonie tu, papa. Ya masomo. Kila mutu anakuya na muzazi wake."

"Na miye niseme nini kule?"

"Hakuna kusema kitu. Unakuya tu bakuone."

Alifunga duka Jumamosi, siku ya wateja, akapiga pasi suruali mwenyewe. Njiani alimwambia binti yake kwamba mama yake angefurahi sana. Chancelvie alitazama nje ya dirisha la gari. Moyoni alikuwa akirudia hoja yake kama mtu anayekariri kabla ya mtihani: sheria ya baba ni ya mikutano ya viwanja. Hii ni shule. Na sucré si pombe.

Ukumbi ulikuwa wa mjini, wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Wazazi walikuwa wengi, wamependeza, wanacheka kwa sauti za kanisani. Mpiga picha alikuwa akizunguka. Rigobert alikuja akiwa amevaa shati la kawaida, bila alama yoyote. Alimsalimu Casimir kwa mikono miwili, akainama kidogo kama inavyotakiwa kwa mzazi wa mtu, akampa glasi.

Casimir aliishika. Hakuipeleka mdomoni. Alimtazama yule bwana usoni kwa muda.

"Miye nilisha kukuona fasi moya, mukubwa?"

"Lubumbashi ni mudogo, papa," Rigobert akasema, akicheka.

Basi Casimir akafanya jambo ambalo kila baba wa hapa angelifanya. Katika mahari, kabla wazee hawajagusa kinywaji cha wakwe, humgeukia binti na kumuuliza mbele ya watu kama wanywe, na jibu lake ndilo linalofungua chupa. Casimir alimgeukia Chancelvie, nusu mzaha, nusu si mzaha.

"Mama, nikunywe?"

Ukumbi ukaangua kicheko, wazazi wakapiga makofi. Ilikuwa tamu kweli, baba kumuuliza bintiye hivyo katika sherehe ya masomo. Chancelvie peke yake hakucheka. Aliona kamera imeinuliwa. Aliona mkono wa Rigobert umekwisha kutua begani kwa baba yake. Nyuma yao Emery alikuwa amesimama wima, hapigi makofi, anangoja. Neno moja dogo lingetosha, na baba yake angeiweka glasi mezani bila kuuliza sababu, kwa sababu alikuwa baba wa namna hiyo.

"Kunywa, papa," akasema.

Casimir akanywa yote.

Picha ilifika Naviundu kabla yao. Walipotelemka kwenye gari jioni ile, kila simu ya mtaa ilikuwa imekwisha kuipokea, kutoka namba ambayo hakuna aliyeijua. Ilikuwa imekatwa vizuri. Hapakuwa na wanafunzi wala wazazi wengine. Palikuwa na wanaume wawili tu, glasi zimegusana, mkono begani, na chini yake maneno mawili: "Mazungumzo yamekwisha."

Asubuhi Mama Bwalya hakuwasalimu kutoka upande wa pili wa ukuta kama kawaida yake. Tingatinga lilinguruma, na safari hii dereva alichelewa kulizima. Dukani mtu mmoja alisimama mlangoni, akaona ni Casimir mwenyewe aliyekaa, akasema atarudi. Hakurudi. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe, na ukimya huo ulimtisha Chancelvie kuliko mawe. Alipopita, maongezi yalikatika mbele yake na kuanza tena nyuma yake.

Siku ya tatu alikuja Mbusa. Hakukaa, ingawa alipewa kiti.

"Casimir, ile picha ni kweli?"

"Ni fête ya masomo ya mutoto. Ule ni parrain yake."

"Ule ni mukubwa wa depo," Mbusa akasema polepole. "Nilimuonaka ku bureau yabo. Eko anasainishaka batu makaratasi ya kuhama. Famille mbili zilisha kuenda jana, kwa siri. Banasema, kama Casimir alikunywa, siye tunangoja nini?"

Mbusa alipoondoka, Casimir aliendelea kupima misumari iliyokuwa kwenye mizani. Aliipima, akaifunga, akaiweka pembeni. Chancelvie alikuwa amesimama karibu na mifuko ya simenti. Alikuwa ametayarisha uongo wake tangu Jumamosi, uongo mzuri, mfupi, wazi.

"Uliyua?" baba akauliza. "Uliyua ule bwana ni nani?"

Uongo aliuacha. "Niliyua, papa."

Alingoja kofi, alingoja kelele. Angeshukuru kwa lolote. Casimir alipangusa mikono kwenye suruali.

"Nani mwingine anayua kama uliyua?"

"Hakuna."

"Basi usiseme."

"Jumapili, ku mukutano ya avenue, nitasimama, papa. Nitabaambia bote."

"Utabaambia nini? Kama mutoto aliuzisha baba yake?" Hakupaza sauti. "Halafu utaikala wapi mu hii muji? Nani atakusalimia? Miye nilisha kufukuzwa mara moya, nikiwa mudogo, wakati balikuwa banafukuza batu ya Kasai. Ninayua namna inaanza, ninayua namna mutu anapona. Weye hauyui. Uniachie."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema mtu afanye nini anapokipenda kile kinachomla. Chancelvie alilia siku nzima, na Ijumaa simu ikaita. Alikuwa Rigobert, mpole kama siku zote. Stage inaanza Jumatatu. Chancelvie alisema asante, bwana. Maneno yalitoka yenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikutana katika lupango ya Mama Bwalya. Nyumba za mwisho wa barabara hazikuleta mtu. Waliokuja walibaki wamesimama, mikono kifuani, na nafasi kubwa ilibaki wazi kumzunguka Casimir, kana kwamba ana ugonjwa. Chancelvie alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Bado alikuwa hajaamua. Alikuwa na maneno yote kichwani: swali la Emery, fulana ya chungwa, glasi. Akiyasema, baba yake atakuwa mtu aliyedanganywa, na mtu aliyedanganywa mtaa unaweza kumsamehe, na huenda wakasimama tena pamoja. Alijua hivyo. Aliwaza kusimama wakati uleule ambapo baba yake alivua kofia.

"Sitasema mingi," Casimir akasema. "Ule bwana, niliyua ni nani. Nilikunywa na akili yangu."

 Mbusa aliinamisha macho. Lakini Mama Bwalya alikuwa amemjua mtu huyu tangu ujana wao, alikuwa amemwona akiwakatalia watu wa depo hata maji, na uso wake ulisema wazi kwamba haamini. Alitazama huku na huku, kisha macho yake yakamkuta msichana mlangoni. Yakatulia hapo.

"Mutoto," akasema, "weye ulikuwa pale. Baba yako anasema kweli?"

Watu wote wakageuka. Casimir peke yake hakugeuka. Alikuwa akitazama ardhi, kofia mkononi, na shingo yake ilionekana nyembamba. Chancelvie aliisikia amri ya baba yake. Aliisikia pia sauti nyingine, ndogo, iliyosema Jumatatu, na hakuweza kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyomfungua mdomo. Baba alikuwa amemwomba anyamaze. Hilo ni kweli. Na yeye mwenyewe alitaka kunyamaza. Hilo pia ni kweli.

"Ndiyo, mama," akasema. "Anasema kweli."

Mama Bwalya alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Kutoka nyuma, mtu fulani akalitamka lile neno, jina la wadudu ambalo watu wa Kasai waliitwa miaka ile ya kufukuzwa. Hakulipiga kelele, alilisema tu, kama mtu anayekumbuka jina lililokuwa limempotea. Wazee walikuwepo, wamama wa kanisa walikuwepo. Hakuna aliyemkemea.

Casimir alivaa kofia, akawaaga kwa heshima, hakuna aliyeitikia. Alimshika binti yake mkono wakavuka hadi kwao, akafunga geti kwa komeo la chuma ambalo lilikuwa halijatumika tangu liwekwe. Ndani alisimama katikati ya chumba, akaangalia vitu vyake kimoja kimoja, bila haraka.

"Funga mablangeti mbele ya yote," akamwambia. "Masahani itabakia."

"Tutaenda wapi, papa?"

"Ile," akasema, "mutu anaiyuaka nyuma, akisha kutoka."